Neno Alilolileta Baba Kutoka Shimoni

Wiki iliyopita fundi alikuja kwa binti yangu kubomoa fremu ya mlango wa jikoni. Mvua za mwaka huu zilikuwa zimeipenya mpaka ndani. Alipochomeka patasi, mbao haikupiga kelele yoyote, iliachia tu kama ugali wa jana, na harufu ikatoka: harufu ya uyoga, ya udongo baridi, na ya kitu kitamu kilichokaa mno. Nikainuka nikaenda kukaa uani. Binti yangu alidhani ni vumbi linalonisumbua, akanifuata na maji ya kunywa. Niliyanywa. Ningeanzia wapi kumweleza kwamba harufu ile ndiyo aliyokuwa akirudi nayo baba yangu kila jioni, kwenye nguo na kwenye nywele, na kwamba mimi utotoni niliipenda?

Kwetu ni Shinyanga, kwenye mbuga za udongo mweusi ambako watu walilima pamba na kuhesabiwa heshima kwa ng'ombe. Ulikuja mwaka ambao pamba iliungua na jua ikiwa bado na maua, na ng'ombe wetu wakabaki ngozi na pembe. Baba akasikia kwamba huko Geita Wazungu wanatafuta watu wa migodini. Akatuchukua sote: mayu, yaani mama yetu, dada yangu Milembe, aliyekuwa amekwisha kuvunja ungo, na mimi, niliyekuwa bado nang'oka meno ya utoto. Tulikwenda kwa gari moshi, kisha kwa mashua, kisha juu ya magunia ndani ya lori, mpaka kwenye mgodi mmoja mdogo ambao leo ukiutafuta utakuta kichaka.

Baba hakuchimba dhahabu. Kazi yake ilikuwa kusimamisha nguzo za miti kule chini, zile zinazozuia mwamba usiwaangukie wachimbaji. Alituambia kwamba nguzo nzima ukiigonga inakuitikia kama mtu mwenye afya, lakini iliyooza inanyamaza. Msimamizi wao alikuwa Mzungu ambaye wafanyakazi walimpa jina la Bwana Miluzi, kwa sababu alitembea akipiga miluzi na watu wakajua yuko wapi kabla hajafika. Kiswahili chake hakikuzidi "leta", "upesi" na "hapana". Alipokuta nguzo mbovu, aliichoma kisu, akaitia alama ya chaki, na kumwambia baba neno moja: "Rot."

Hilo likawa neno la kwanza la Kiingereza kuingia nyumbani kwetu. Baba alilitamka "roti". Alilileta kama baba wengine wanavyowaletea watoto pipi. Akichagua viazi vitamu kapuni alikitupa kibovu na kusema, "Roti!" Jino langu lilipoanza kuuma alinifumbua mdomo, akachungulia, akatikisa kichwa kwa huzuni ya uongo: "Roti, ng'wanone. Mwanangu, hili ni la kung'oa." Siku moja alirudi na habari iliyomfurahisha kupita kiasi. Ng'ombe wa maziwa wa Bwana Miluzi alikuwa akichechemea, kwato zimetoa usaha kwa sababu ya matope, na yule Mzungu alipozitazama alisema neno lile lile.

"Mnaona?" baba alisema. "Sisi tuna maneno mengi mpaka tunajikwaa. Mwenzetu neno moja linamtosha kwa mti, kwa jino na kwa ng'ombe."

Mimi lilinisumbua. Pale sokoni palikuwa na duka la Mhindi, na nyuma ya duka mkewe alikuwa akichoma mikate myembamba kwenye chuma, inanukia samli mpaka barabarani. Watu waliiita roti. Nikamwuliza baba kwa nini Wahindi wanakula vitu vilivyooza na bado vinanukia vizuri. Alicheka mpaka akaegemea ukuta.

"Hilo ni neno jingine, Limi," akasema alipopata pumzi. "Maneno ni kama watu. Wawili wanaweza kuitwa Shija wote, na wasiwe ndugu."

Nililikubali jibu hilo, lakini roti sikula.

Baba alikuwa na msaidizi, kijana wa Maswa aliyeitwa Jilala. Yeye ndiye aliyembebea miti na kumshikia taa. Jioni alipita kwetu na vipande vya miti vilivyobaki, akaviweka mlangoni kuwa kuni, akamsalimu mayu kwa kupiga goti, kisha akabaki amesimama hana la kusema. Milembe alikuwa akimwonea huruma na kumpa kazi yoyote: shika ungo, fukuza kuku, tazama moto. Jilala alifanya yote kwa bidii kama vile amelipwa. Alikuwa mrefu, na kwa kuwa kule chini aliinama siku nzima, hata kwenye uwanja wetu wazi alitembea ameinamisha kichwa kidogo. Milembe alimwigiza, sisi tukacheka, na yeye akacheka kuliko sisi.

Hatimaye Jilala akamtuma mtu kuleta maneno ya posa, na wazee wakakubaliana. Hayo mimi sikuyajua. Nilichojua ni kile nilichokisikia baba akimwambia jirani yetu, Baba Hamisi, Mwislamu wa Tabora aliyekuwa fundi wa taa za mgodi. Na Baba Hamisi hatukuzungumza naye Kisukuma. Nyumbani kwetu Kiswahili kilikuwa cha kuazima, na mimi nilikuwa nikikiokota pale kambini kipande kipande.

"Tukishavuna," baba alisema, "tutamwoza Milembe."

Mwenzangu, hebu fikiri. Kwetu kuoza ni kubola, na msichana akipewa mume hutumii neno linalokaribia hilo hata kwa mbali. Kuoza kwa Kiswahili nilikujua kwa viazi na kwa jino langu. Nikakimbia mpaka mtoni, nikamkuta Milembe anafua, nikamshika kiuno nikilia kwamba baba amesema wanataka kumwoza.

Alicheka mpaka nguo ikamponyoka na kuchukuliwa na maji, na ikabidi aingie kuifuata. Aliporudi, amelowa, alinisogezea mkono wake puani.

"Nusa," akasema. "Nimeoza?"

Ulinukia sabuni na moshi. Nikatikisa kichwa.

"Nitaolewa, mjinga wewe. Nitaolewa na Jilala, tutakaa kibanda cha tatu kutoka kwetu, na wewe utakuja kula kwangu kila siku mpaka nikuchoke."

Masika ya mwaka ule yalikuwa makali. Maji yaliingia mgodini yakatoka kwa pampu, yakaingia tena. Baba alianza kurudi kimya. Alikula kidogo, kisha alikaa akigongagonga mguu wa kigoda chake kwa kidole, anasikiliza. Alimwambia mayu kwamba njia ya chini kabisa imejaa nguzo zilizonyamaza, na kwamba Bwana Miluzi siku hizi haendi kule, kwa sababu kifua kinambana.

Halafu jioni moja alirudi amebadilika. Aliingia na Jilala, akakaa, akatuita wote.

"Leo," akasema, "nimesema na Mzungu. Bila mkalimani."

"Wewe?" mayu akauliza.

"Mimi. Nilimngoja mdomoni mwa shimo, alipokuwa peke yake. Nikavua kofia. Nikamwambia, 'Bwana, nguzo roti. Nguzo nyingi roti.'" Alilisema kwa heshima, kama alivyolisema kule. "Naye akanijibu, 'Rot!' Kwa sauti kubwa. Akapunga mkono, akaenda zake."

"Kupunga mkono ndiyo nini?" mayu akauliza.

"Ndiyo kusema amesikia. Magogo mapya yataletwa."

Milembe akapiga vigelegele, nusu kwa mzaha na nusu kwa kweli. Mayu akachinja jogoo, jambo ambalo hatukulifanya bila mgeni. Jilala alikula amekaa karibu na baba, na kila baba aliporudia kisa, naye alikirudia nyuma yake kwa sauti ndogo, "Nguzo nyingi roti," kama mtoto anayejifunza sala. Sikumwona tena baba yangu akiwa na furaha ya namna ile. Alikuwa mtu mzima aliyezoea kuamriwa kwa kidole, na siku hiyo alikuwa amefungua kinywa mbele ya mkubwa wake akajibiwa.

Magogo hayakuja. Baba alisema barabara zimeharibika, lori litakuwa limekwama njiani. Kazi ikaendelea.

Kengele ya mgodi ililia adhuhuri, isiyo saa yake. Milembe alikuwa anachekecha unga. Wanawake wa kambi walipita mbele ya mlango wetu wakikimbia, wengine wakifunga kanga njiani, lakini mayu alisimama tu pale mlangoni, amenishika bega mpaka likaniuma. Baba Hamisi ndiye aliyekuja. Alikuja akitembea, wala hakukimbia, na uso wake ulikuwa mweupe kwa vumbi la mwamba.

"Mama Milembe," akasema, "mume wako yu hai. Mguu umebanwa, lakini wamemtoa, yu hai." Kisha akamgeukia dada yangu. "Mwanangu," akamwambia, akachuchumaa mbele yake.

Milembe aliendelea kuchekecha. Unga ulikuwa umekwisha kwenye ungo, naye anautikisa.

Jilala alizikwa kwenye makaburi ya wafanyakazi, na baba alilazwa hospitali ya misheni. Tulikwenda huko kukaa naye, tukilala kwenye banda la kupikia pamoja na jamaa za wagonjwa wengine. Kwanza mguu ulivimba. Kisha ukabadilika rangi. Asubuhi moja mhudumu alipofungua bendeji nilikuwa nimesimama karibu mno, na harufu ikanifikia kabla sijaona chochote. Nikasema kwa sauti, kama nilivyofundishwa, "Roti."

Baba alinitazama. Nadhani alijaribu kutabasamu. Walimkata mguu juu ya goti.

Nataka kueleza nilichokiamini wakati ule, maana mtu mzima akisikia atadhani mtoto hana hesabu. Mimi nilikuwa na hesabu zangu. Niliamini kwamba neno lile lilikuwa kitu kilicho hai, na baba alilitoa shimoni bila kujua, akalileta nyumbani ndani ya nguo zake. Lilianza na miti. Likaingia kwenye kinywa changu, likaenda kwa ng'ombe, likashika mguu wa baba. Jilala alilisema siku ile tulipokula jogoo, naye limemchukua. Na Milembe alikwisha kutajwa, tena na baba mwenyewe: tutamwoza. Basi nikawa namfuata dada yangu kila alikokwenda. Alipolala nilimsogelea nikamnusa mikono, shingo, nywele. Usiku mmoja aliamka akanikuta. Safari hii hakucheka. Alinigeuzia mgongo, na kwa muda mrefu nikausikia mgongo huo ukitetemeka.

Bwana Miluzi alikuja hospitali pamoja na Mzungu mwingine na karani wa kutafsiri. Walisimama miguuni pa kitanda. Mimi nilikuwa nimekaa sakafuni karibu na mayu, na Milembe alikuwa mlangoni na kibuyu cha maji.

Karani akasema, "Bwana anauliza kwa nini uliingiza watu chini ya nguzo mbovu bila kumpa taarifa."

"Nilimpa," baba akasema. "Nilimwambia, akakubali."

Karani akatafsiri. Bwana Miluzi alitikisa kichwa, akasema maneno machache.

"Anasema hakukubali lolote."

"Alikubali! Nilimwambia nguzo roti, na yeye mwenyewe akasema roti! Mwulize!"

Karani alisita, akatafsiri. Uso wa Bwana Miluzi ukawa mwekundu mpaka masikioni. Hakumtazama baba, alitazama dirisha.

"Anasema," karani akamaliza, "hata siku moja hakukubali. Anasema unatafuta pa kujifichia."

Walipoondoka, Milembe aliweka kibuyu chini. Alimwambia mayu, kwa sauti ambayo baba aliisikia vizuri, "Hakumwambia mtu. Alitaka tumpigie vigelegele. Alijua, na bado akampeleka Jilala."

"Milembe!" mayu akasema.

Tangu siku hiyo dada yangu hakumwita tena "Baba". Alisema "yeye". Yeye amekula? Yeye ameamka?

Tulirudi Shinyanga. Baba alijifunza kutembea kwa magongo aliyoyachonga mwenyewe, na akawa mchonga vigoda na mipini ya majembe. Milembe aliozwa kwa mwanamume wa upande wa Isaka, mtu mpole aliyefiwa na mke. Alikubali bila neno. Alipokuja kutusalimu alimpelekea baba chakula, akakiweka mbele yake na kuondoka, na baba alimsindikiza kwa macho mpaka alipopotea nyuma ya ghala. Wageni wakija, baba aliwasimulia kisa chake. Alikuwa hachoki. "Mzungu alikubali," alisema. "Tulielewana, mimi na yeye." Wageni waliitikia "naam, naam," wakitazama pembeni. Nikikumbuka, nami nilikuwa nimeanza kutazama pembeni.

Mimi nilipelekwa shule ya wasichana ya misheni. Kiingereza kilifundishwa na sista mmoja Mzungu, mcheshi, mwenye sauti kama ya tarumbeta. Siku moja mwenzetu hakuwa amefanya hesabu zake, akaeleza kwamba fisi alimfukuza njiani na kumnyang'anya daftari. Sista alirusha mkono hewani, akasema, "Rot!"

Darasa zima likacheka. Mimi nikasimama.

"Sista," nikauliza, "kitu gani kimeoza?"

Alifurahia swali. "Hakuna kilichooza," akanijibu kwa Kiswahili chake kizuri. "Tunasema hivyo pia mtu akileta upuuzi. Maana yake, unasema upuuzi, nenda zako."

Kisha akaurusha tena mkono, kunionyesha. Mkono ulikwenda juu, ukaanguka. Nikakaa. Sijui siku hiyo tulifundishwa nini tena.

Likizo ilipofika niliwakuta wote nyumbani. Milembe alikuwa amekuja kusaidia kukata viazi vya kukausha, michembe ya kiangazi, na mtoto wake amelala mgongoni. Mayu alikuwepo. Baba alikuwa amekaa kwenye kigoda, magongo pembeni, anamenya. Nilikuwa nimepanga kumwambia Milembe peke yake, lakini baba akaniuliza, kama alivyouliza kila likizo, "Kiingereza kimefikia wapi?" Nikasema yote. Nilieleza habari za msichana na fisi, na za mkono wa sista. Nikasema kwamba Wazungu wanalo neno lile lile kwa kitu kilichooza na kwa maneno wasiyotaka kuyasikia.

Baba aliacha kumenya.

"Upuuzi?"

"Ndiyo, Baba."

"Kwa hiyo alinisikia."

"Alikusikia."

"Akaona ni upuuzi." Alikigeuza kiazi mkononi mwake, akakitazama kama mtu anayetafuta pa kuanzia. "Na mimi nikavaa kofia yangu, nikarudi nyumbani tukachinja jogoo."

Milembe alikuwa ameshika kisu hewani. Mtoto akalia mgongoni mwake, naye hakumtikisa.

"Ulimwambia," akasema.

"Nilimwambia."

"Ulimwambia, Baba."

Mayu alijifunika uso kwa kanga. Baba aliitikia kwa kichwa. Milembe akamfungua mtoto mgongoni, akamweka juu ya paja la baba, lile moja lililobaki zima, akarudi kukata viazi. Tulikata mpaka kapu likaisha.

Ningependa kusema kwamba baada ya hapo mambo yalinyooka. Baba hakukisimulia kisa kile tena, kwa mgeni yeyote. Alirudishiwa binti yake, lakini kitu alichokuwa akikishikilia miaka yote hiyo nilikuwa nimemnyang'anya, na mgongo wake ukaanza kuinama. Vumbi la mgodi nalo likamfikia kifuani. Milembe aliomba ruhusa kwa mumewe, akaja kumwuguza. Alimwogesha, alimkanda kisiki cha mguu kwa samli, alimwita Baba hata pasipo haja: Baba, maji haya, Baba, jua limetoka.

Baba alifariki kiangazi kilichofuata. Walipomteremsha kaburini Milembe alilia kwa majina mawili, la baba na la Jilala, akiyachanganya, moja likianza kabla jingine halijaisha. Wanawake walikwenda kumshika wamnyamazishe. Mayu akawazuia kwa mkono.

"Mwacheni," akasema. "Hao ni wawili."